Makaa Nyuma ya Sikio

Kuna ng'ombe anayecheka katika mtaa wa Pioneer, mjini Eldoret. Amechorwa ukutani mwa bucha, karibu na steji ya bodaboda, na amekuwa akicheka hapo tangu barabara ikiwa ya vumbi. Wapita njia huuliza ng'ombe huyo anachekea nini ilhali wenzake wananing'inia kwenye vyuma humo ndani. Aliyemchora, Fundi Kituyi, halipendi swali hilo. "Kwani ulitaka alie?" hujibu. "Nani atanunua nyama ya ng'ombe mwenye huzuni?" Kisha huendelea na safari zake, ngazi begani, ndoo ya rangi mkononi, na nyuma ya sikio la kulia kipande chembamba cha makaa, ambacho hukitumia kuchorea ukutani kabla ya kutia rangi.

Makaa hayo yamekaa hapo miaka mingi hata ngozi ya hapo imeota doa jeusi lisilotoka kwa sabuni yoyote. Siku za ibada, mkewe Nanzala humsimamisha kwenye lango la kanisa, humchomolea makaa kama mtu anayemtoa mtoto kupe, na kuyatia mkobani. Ibada ikiisha humrudishia. Siku za harusi ni vivyo hivyo, na za matanga. Kituyi mwenyewe hana habari. Anajua ana makaa sikioni jinsi wewe unavyojua una pua: hakumbuki mpaka aguswe.

Si mtu mbaya. Tuseme hivyo mapema, maana yanayofuata hayamsifu. Ni mtu wa kumwazima jirani ngazi na asiulize itarudi lini. Lakini ana kijicho, na kijicho chake kina jina. Kinaitwa Maurice.

Huyo Maurice alikuja Eldoret kutoka Burnt Forest mwanzoni mwa mwaka ule ambao nyumba ziliteketezwa baada ya uchaguzi, mvulana wa shule ya msingi, yeye na mama yake, wakalala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wenzao. Kituyi alikuwa kijana bado. Kanisa lilimtuma huko aandike "maji ya kunywa" kwenye matangi, ili watu wasiyaoshee nguo. Alipokuwa akiandika, akaona kwenye turubai la hema moja mtu amechora lango. Lilichorwa kwa ukuni ulioungua, na lilikuwa nusu wazi, kama vile mwenyewe ametoka sasa hivi na anarudi. Msimamizi mmoja alikuwa akifoka kwamba turubai la watu limechafuliwa. Mvulana aliyefokewa alikuwa amesimama kimya. Mama yake alisema hajatamka neno tangu watoke nyumbani.

Kituyi akaweka brashi chini. "Ni wewe umechora hii lango?" akamuuliza. Mvulana akaficha mikono yake myeusi mgongoni. Kituyi akachomoa makaa sikioni, akampa. "Hiyo ya kuni inavunjika. Jaribu hii."

Basi ndivyo Maurice alivyoingia nyumbani kwa Kituyi, akala ugali wake, akabeba ndoo zake, na pole pole akaanza kusema. Kituyi alimfundisha yote aliyoyajua. Alimfundisha kuanza na jicho, kwa sababu jicho likishakuangalia, uso uliobaki unakuja wenyewe. Alimfundisha kugawa picha ndogo kwa miraba na kuihamisha kwenye ukuta mkubwa bila kuipotosha. Mwishowe kijana akaenda chuo, akaenda Nairobi, na Kituyi akamsindikiza kwa fahari, akawaambia watu wote wa steji, "Yule ni mimi nimemfanya."

Fahari hiyo ilidumu mpaka kitabu kilipofika mjini.

Kilikuwa kitabu kikubwa, jalada gumu la kitambaa chekundu, maandishi ya dhahabu, karatasi nzito ambayo ukiifunua inatoa sauti. Ndani mlikuwa na ngano za kale, zile zile ambazo kila mtu alisimuliwa na nyanya yake jikoni: mazimwi, wasichana waliopotea mtoni, sungura na hila zake. Lakini macho ya watu yalikwenda kwenye picha. Picha zilijaza kurasa mbili mbili. Manyoya ya fisi ungetaka kuyapapasa, na maji ya mto yalikuwa na ubaridi. Na picha zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa za Maurice.

Asha, mwenye duka la vitabu mjini, alikiweka dirishani juu ya kigoda chake chenyewe. Watu walisimama kukitazama. Na mtu yeyote aliyemjua Kituyi alifunga safari kumpa habari, kana kwamba anamletea zawadi.

"Fundi, umeona kazi ya kijana wako? Chanda chema huvikwa pete!"

"Nimeona," Kituyi alikuwa akisema hata kabla hajaona, akitabasamu kama yule ng'ombe wake wa bucha.

Alipokwenda kuona, roho ilimuuma kama jino. Asha alimwambia anawe mikono kwanza, akamwelekeza kwenye mfereji wa maji nyuma ya duka, akampa kitambaa. Kituyi akafungua kitabu mwisho kabisa, penye ukurasa wa shukrani. Walishukuriwa watu wengi. Alishukuriwa mhariri, wakashukuriwa walimu wa chuo, akashukuriwa hata aliyepika chai ofisini. Kituyi hakuwapo. Akapitisha kidole juu mpaka chini, akarudia chini mpaka juu. Hakuwapo.

Fadhila za punda ni mateke, akajiambia. Na kuanzia hapo akawa mtu wa kutafuta makosa.

Alirudi dukani Jumamosi baada ya Jumamosi. Asha alimzoea. "Mzee Kituyi, hii kitabu si utanunua tu?" alimwambia. "Inakuangalia mpaka imechoka." Kituyi alisema anasubiri kishuke bei, ilhali alichokuwa akisubiri ni mwandishi, mchoraji na kampuni yao kuanguka wote kwa pamoja. Alikagua kila ukurasa. Aligundua mto unaopanda mlima. Aligundua zimwi lenye vidole sita mguu mmoja na vitano mguu wa pili. Kisha wazo baya likamjia kwamba labda zimwi lenyewe ndiye yeye. Maurice amemchora kwa siri, amcheke mbele ya Kenya nzima! Akalichunguza zimwi lile, kitambi chake, pua yake, akajitazama kwenye kioo cha dirisha la duka, akavuta tumbo ndani. Hapana, hawakufanana. Akapekua mazimwi mengine yote, na fisi, na yule mchawi mwenye jicho moja. Hakujiona popote. Hilo nalo likamuudhi. Kumbe hata kwenye matusi hakukumbukwa.

Kosa lililomfurahisha kuliko yote alilikuta kwenye ngano ya ngoma. Unaijua: msichana anasahau shanga zake mtoni, anarudi peke yake, zimwi linamkamata na kumfungia ndani ya ngoma. Linazunguka naye boma hadi boma. Likiipiga ngoma, msichana anaimba kwa uchungu, na watu, kwa vile sauti ni tamu, wanacheza na kulilipa zimwi nyama. Hakuna anayejiuliza anayeimba ni nani. Mpaka zimwi linafika kwa mjomba wake msichana. Wote wanacheza, lakini mjomba hachezi. Anasikiliza. Picha hiyo ilimwonyesha mjomba ameinama, sikio moja limeielekea ngoma. Na nyuma ya sikio hilo palikuwa na kipande cha makaa.

Kituyi alitembea upesi kurudi Pioneer, furaha ikimbubujika. Nanzala alikuwa akimenya viazi mlangoni.

"Mama Cyril, sikia hii," akasema hata kabla ya kuketi. "Maurice amechora mjomba wa zamani za kale. Kabla ya shule. Kabla ya kalamu. Na ati huyo mjomba ako na makaa kwa sikio! Makaa ya kazi gani? Anaenda kuandika bei ya nyama?"

Nanzala akamtazama usoni. Akamtazama sikioni. Kisha akacheka mpaka akaweka kisu chini asijikate.

"Si unaona!" Kituyi akasema kwa ushindi. "Hata wewe umeona ni ujinga."

"Mimi nimeona, Baba Cyril. Wewe ndio sijui kama umeona." Akachukua kiazi kingine. "Nyani haoni kundule."

"Kabisa!" Kituyi akaitikia, akidhani nyani anayesemwa ni Maurice.

Nanzala angeweza kumwambia. Lakini alikuwa amechoka kumsikia akimsema kijana wa watu asubuhi na jioni, na kuna mambo ambayo mtu hupona vizuri akijigonga mwenyewe. Akamenya viazi vyake.

Basi shida haiji peke yake. Mwezi huo Ticha Musimbi, mwenye shule ya chekechea pale Pioneer, alimwita Kituyi. Ukuta wa darasa la watoto wadogo ulikuwa mtupu, na alitaka upambwe. Kituyi akafurahi, akaanza kutaja sungura anaowajua. Ticha Musimbi akafungua mkoba, akatoa kile kitabu chekundu.

"Tunataka hizi," akasema. "Ile ya ngoma hasa. Nimeongea na Maurice kwa simu, amekubali tuige. Na atakuja mwenyewe siku ya kufungua! Nikaona hii kazi ni yako, Fundi, kwa sababu nyinyi ni watu wamoja."

Yeye, aliyemshika Maurice mkono akamwonyesha jicho linavyoanza, sasa amuige Maurice! Ulimi ulitaka kukataa. Lakini alijua akikataa wataletwa watu wa mabango, wale wenye mashine, wabandike plastiki juu ya ukuta mzima kabla ya saa nane. Tayari walikuwa wamemnyang'anya vinyozi na hoteli zote za barabara kuu. Kuta zilizobaki ni chache. Zaidi ya hayo, watoto wa Pioneer wangekua wakitazama ukuta huo, na jina la fundi wa Pioneer ndilo lililokuwa hatarini. Akikataa, watu watasema anaogopa kuwekwa kando ya mwanafunzi wake. Hawatakuwa wamekosea.

"Nitafanya," akasema.

Alifanya kwa hasira, na hasira ikamsaidia. Aligawa picha kwa miraba, akaihamisha ukutani kwa makaa, akaanza kutia rangi. Msichana alitokea vizuri. Ngoma ilitokea vizuri. Mjomba ndiye aliyemshangaza, kwa kuwa mkono ulimchora wenyewe, bila kuuliza, kama mtu anayeandika jina lake. Taya, shingo, jinsi alivyoinama, vyote vilikuja bila kufutwa hata mara moja. "Huyu rahisi," Kituyi akajisemea. Alipofika kwenye sikio, akatabasamu. Makaa hakuyachora. Alipaka nywele safi mahali pale, akarudi nyuma, akaridhika kwamba amemsahihisha Maurice.

Halafu akafika kwenye zimwi, na shetani akamnong'oneza.

Alilianza kwa jicho, kama desturi. Lakini jicho alilolichora halikuwa la kitabuni. Lilikuwa jicho la Maurice, lile la kushoto linalofumba kidogo akifikiri. Juu yake akaweka kovu. Akaongeza masikio yaliyosimama, pengo la jino la mbele, na ile tabia ya kuinua unyusi mmoja. Alifurahi kazini kuliko alivyofurahi siku yoyote, akipiga mluzi juu ya ngazi. Zimwi lilipokamilika lilikuwa na kitambi, kucha, vidole vitano kila mguu, na uso ule ule wa Maurice. Ndiyo picha bora aliyowahi kuchora Kituyi maishani mwake. Aje sasa, akawaza. Aje ajione.

Siku ya kufungua ukuta, wazazi walijaa uani na watoto wakavalishwa sweta safi. Kituyi alikuwa amevaa koti la harusi. Alimfuata Nanzala mpaka langoni, na hapo, kwa mazoea, akapunguza mwendo kidogo bila kujua anachosubiri. Nanzala alimpita, mkoba umefungwa kwapani, akaenda kuketi.

Maurice akafika kwa miguu kutoka steji. Hakuwa amebadilika ila kunenepa kidogo. Alimkumbatia Kituyi mbele ya watu wote, akasema, "Fundi! Fundi wangu!" na Kituyi akampiga piga mgongoni kwa mkono mzito. Wakaingia darasani, watoto wakitangulia.

Msichana mmoja wa mbele akamtazama mgeni. Akatazama ukuta. Akapiga kelele.

"Ticha! Zimwi amekuja!"

Watoto wote wakageuka. Mmoja akaanza kulia, mwingine akajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Kisha wazazi nao wakaona. Ticha Musimbi akamtazama Kituyi kwa macho ambayo hakuna mtu angependa kutazamwa nayo na mwalimu. Kituyi alikuwa ameingoja dakika hiyo majuma mazima. Ilikuja, lakini furaha haikuja nayo. Alisikia aibu ikimpanda kutoka shingoni.

Maurice alilisogelea zimwi. Akalitazama sana, ulimi wake ukiligusa pengo lake mwenyewe.

"Umenichora vizuri," akasema. "Mpaka kovu umekumbuka. Hii ni ile ya ngazi yako, Fundi. Nilianguka pale bucha, ukanibeba kwa mgongo mpaka hospitali, na ng'ombe ikabaki bila mkia wiki mbili."

Maurice akavuka kwenda upande wa pili, kwa mjomba. Hapo alikawia. Akapitisha kidole ukutani, pale nyuma ya sikio, akageuka.

"Makaa yake iko wapi?"

"Niliondoa," Kituyi akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Ilikuwa makosa. Mtu wa zamani atatoa wapi makaa ya kuweka kwa sikio?"

Maurice akamkodolea macho. Nusura acheke, nusura alie. Ni yule yule msichana wa mbele aliyejibu, akinyoosha kidole.

"Si hiyo hapo? Mjomba ameweka kwa sikio yake."

Watu wakamtazama Kituyi, wakautazama ukuta, wakamtazama Kituyi tena. Taya lile lile. Shingo ile ile. Kituyi akainua mkono wa kulia, akakuta makaa. Akayatoa, akayatazama kiganjani kana kwamba yametoka mwilini mwa mtu mwingine. Akamtafuta Nanzala kwa macho. Nanzala alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, akitazama dari.

"Lakini jina langu," Kituyi akasema. "Nilitafuta jina langu, Maurice."

"Jina ningeweka huko nyuma pamoja na watu wa ofisi, na hakuna mtu husoma huko." Maurice aliongea polepole, kama zamani alipokuwa akianza kusema. "Nilitaka mtoto akifika hapo, msichana analia ndani ya ngoma na watu wanacheza tu, akuone wewe. Ni wewe pekee hukucheza, Fundi."

Kituyi alipanda juu ya kiti cha mtoto, kikalalamika chini yake, akachora makaa nyuma ya sikio la mjomba. Mstari ukapinda. Aliposhuka akaomba tapentaini na kitambaa aufute uso wa zimwi, lakini Maurice akamshika mkono.

"Wacha ikae," akasema. "Zimwi bila uso itatisha watoto zaidi. Na ni kazi safi, mimi siwezi kuharibu kazi ya fundi wangu."

Kwa hiyo lipo mpaka leo, pengo na kovu na yote. Maurice alirudi Nairobi akiwa mchangamfu. Kituyi hupita shule hiyo kila asubuhi akienda kazini, na watoto hukimbilia dirishani wakiita, "Mjomba! Mjomba!" Yeye huwapungia mkono. Akichungulia ndani humwona yule mtu wa ukutani, ameinama, anasikiliza, usoni hana kinyongo hata chembe, na kile kijicho alichodhani kimekufa humchoma tena. Sasa humwonea wivu mjomba. Hugeuza uso, akaweka ngazi sawa begani, akaenda zake haraka kabla mtoto yeyote hajagundua kwamba hawafanani kama walivyodhani.